Nyaraka za mipangilio ya terminali ziko wapi, na zisomwe kwa utaratibu gani?

mtunza_seva aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu mwenzetu wa kitengo cha mifumo alipohamishwa, nimekabidhiwa seva tatu za Linux, na kazi yote naifanya kwa ssh, yaani programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kutoka kwenye kompyuta mpakato yangu yenye Debian, ambayo nayo ni Linux. Nimetumia terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwa miaka kadhaa bila kuulizia inavyofanya kazi. Mwezi huu yamenikuta mambo matatu mfululizo, na yote yamenionyesha kwamba sielewi kinachopita kati ya kidole changu na seva.

La kwanza ni kitufe cha Backspace. Katika seva moja, nikiwa ndani ya bash, programu inayopokea amri zangu, kinafuta kama kawaida. Lakini nikifungua programu ndogo tunayoitumia kuingiza kumbukumbu kwenye hifadhidata, kitufe hicho hicho kinaandika ^? kila ninapokibonyeza, na herufi niliyokosea inabaki palepale. La pili lilitokea usiku: kwa mazoea ya kuhifadhi faili nilibonyeza Ctrl na S, skrini ikaganda, nami nikiamini kwamba mtandao umekatika nikafunga dirisha. Kazi ya kuhamisha mafaili iliyokuwa imekwenda zaidi ya saa moja ikafa papo hapo. Kesho yake nikaambiwa kwamba ningebonyeza Ctrl na Q tu, yote yangeendelea. La tatu, niliweka programu mpya ya terminali kwenye mpakato, na sasa nikiingia kwenye seva na kuita top, programu inayoonyesha kazi zinazoendelea, inakataa kufunguka na kusema kwamba aina ya terminali yangu haijulikani.

Mistari ya kunakili na kubandika nimeipata mingi, na mingine inafanya kazi, lakini sijui inafanya kazi kwa nini, na sipendi kuweka kwenye seva ya watu kitu nisichoweza kukieleza. Ninachoomba ni njia ya kufika kwenye nyaraka zenyewe. Kwa man, amri ya kufungua kurasa za mwongozo, nilijaribu `man terminal` nikaambulia patupu. Nilijaribu `man tty`, nikapata ukurasa mfupi kuhusu amri inayotaja jina la faili la terminali. Nilijaribu `man stty`, nikakutana na orodha ndefu ya maneno kama inlcr, icrnl na onlcr, kila moja likiwa na maelezo ya nusu mstari. Je, kuna mahali ambapo mambo haya yameelezwa kwa ukamilifu? Intaneti yangu ni ya vifurushi, kwa hiyo nyaraka zilizomo ndani ya kompyuta yenyewe zitanisaidia zaidi.

fundi_wa_laini alijibu:

Ndugu mtunza_seva, pole kwa kazi ya usiku ule. Umekwama mahali ambapo wengi hukwama, na sababu ni kwamba tunatafuta waraka mmoja wa kitu ambacho kwa kweli ni vitu vinne vilivyounganishwa.

Cha kwanza ni dirisha lenyewe, yaani programu ya terminali, ambayo hugeuza kitufe kuwa baiti, na baiti zinazorudi kuwa maandishi na rangi. Cha pili ni kiendeshi cha tty kilichomo ndani ya kiini cha mfumo, ambacho hukaa katikati na kuweza kushika baadhi ya baiti kabla hazijaifikia programu yoyote. Cha tatu ni hifadhidata ya terminfo, ambamo kila aina ya terminali imeandikiwa uwezo wake, na programu huitafuta kwa jina lililomo katika kigezo cha mazingira TERM. Cha nne ni programu inayosoma unachoandika, na kwa bash kazi hiyo hufanywa na maktaba yake iitwayo readline. Kila kimoja kina waraka wake, na waraka wa kimoja humtaja jirani yake kwa kupita tu. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujafungua ukurasa wowote, ni hili: tatizo langu ni la nani kati ya hawa wanne?

Chukua Backspace yako. Andika `cat`, amri inayorudisha tu unachoandika, katika seva hiyo, bonyeza Enter, kisha bonyeza Ctrl na V, halafu Backspace. Ctrl-V humwambia kiendeshi kwamba herufi inayofuata asiishughulikie, aipitishe tu. Ukiona ^? umeshajua dirisha lako linatuma baiti namba 127. Toka kwa Ctrl-C, kisha andika `stty -a`, amri inayoonyesha mipangilio ya kiendeshi, na utafute neno erase. Nina hakika kubwa kwamba utakuta `erase = ^H`, yaani baiti namba 8. Dirisha linatuma 127, kiendeshi kinangoja 8, basi kinaiona 127 kuwa herufi ya kawaida na kuiandika kwenye skrini. Hata umbo la ^? unaloliona limeandikwa katika mwongozo: litafute chini ya neno echoctl, swichi inayoagiza herufi dhibiti zionyeshwe kwa kofia (^) na herufi.

Kwa nini basi bash hufuta vizuri? Kwa sababu readline humwondoa kiendeshi katika kazi ya kupokea mistari, ikajipokelea baiti moja moja, na yenyewe inazikubali zote mbili, 8 na 127. Programu yenu ya hifadhidata haikujengwa na readline, hivyo inategemea kiendeshi tu. Dalili ya kwamba kitu kinafanya kazi ndani ya bash lakini hakifanyi kazi ndani ya `cat` inakupeleka moja kwa moja kwenye nyaraka za kiendeshi, wala huna haja ya kupoteza muda na za bash.

Chimbuko la kugongana huku ni la zamani sana, na mimi lilinisaidia kukumbuka. Neno tty ni kifupi cha mashine za teletaipu, zilizoandika kwa karatasi. Baiti 8 ilirudisha kichwa cha kuandikia nyuma hatua moja, haikufuta kitu. Baiti 127, katika utepe wa karatasi wenye nafasi saba za kutobolewa, ni ile yenye matundu yote saba. Mtu aliyekosea alirudisha utepe na kutoboa matundu yote juu ya kosa, na mashine ikajua kuipuuza herufi hiyo. Kampuni moja ya vifaa ikachagua hii kwa kufutia, nyingine ile, na sisi tumerithi zote mbili.

Sasa kuhusu nyaraka. Kurasa za man zimegawanywa kwa namba: 1 ni amri, 3 ni kazi za maktaba za programu, 4 ni mafaili maalumu ya vifaa, 5 ni miundo ya mafaili, 7 ni mada mchanganyiko. Ulipoandika `man tty` ulipewa ukurasa wa sehemu ya 1 kwa kuwa ndiyo hutafutwa mwanzo. Jaribu `man 4 tty`, utaona ukurasa mwingine kabisa. Lakini ukurasa unaoutafuta hasa ni `man 3 termios`. Usiogope kwamba umeandikwa kwa ajili ya waandishi wa lugha ya C. Ndio unaoeleza kwa sentensi kamili yale ambayo stty huyataja kwa nusu mstari, na kuvuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ni rahisi: jina lililoandikwa kwa herufi ndogo katika stty limeandikwa kwa herufi kubwa katika termios. Swichi ixon ni IXON, icanon ni ICANON. Herufi maalumu huongezewa V mwanzoni, kwa hiyo erase ni VERASE na stop ni VSTOP.

Fanya hivyo kwa skrini yako iliyoganda. Katika stty utaambiwa tu kwamba ixon huwasha udhibiti wa mtiririko. Nenda termios, bonyeza kitufe cha mkwaju (/) ili kutafuta, andika VSTOP, na utasoma kwamba herufi hiyo, ambayo kwa kawaida ni Ctrl-S, husimamisha maandishi yanayotoka mpaka herufi ya START, ambayo ni Ctrl-Q, ibonyezwe. Kazi yako ya saa moja haikuwa imekufa. Ilisimama ikingoja ruhusa ya kuandika, na kufunga dirisha ndiko kulikoikata. Usipotaka huduma hiyo, `stty -ixon` huizima. Katika stty kistari kilicho mbele ya neno maana yake ni kuzima, na ndivyo pia unavyosoma matokeo ya `stty -a`: penye kistari pamezimwa, pasipo na kistari pamewashwa.

BintiMaktaba alijibu:

Ndugu fundi_wa_laini ameweka msingi vizuri. Naongeza kuhusu kuzipata nyaraka zenyewe, kwa sababu si kila kompyuta inazo.

Ukurasa wa termios, pamoja na wa `man 4 tty`, unaweza usiwepo kwenye mashine yako. Katika Debian, kurasa za waandishi wa programu ziko katika kifurushi cha programu kiitwacho manpages-dev, na za vifaa katika kifurushi cha manpages. Ukiwa ndani ya kontena au seva iliyopunguzwa, kuna uwezekano kurasa zote ziliondolewa makusudi ili kubana nafasi. Katika Ubuntu ya namna hiyo amri ya `unminimize` huzirejesha. Zikishaingia, hutumii tena intaneti.

Usipojua jina la ukurasa, `man -k terminal` hutafuta katika majina na maelezo mafupi ya kurasa zote na kukupa orodha yenye namba za sehemu. Ukijua neno lililomo ndani lakini hujui ni ukurasa upi, tumia herufi kubwa: `man -K VERASE` hupekua maandishi yote ya kurasa zote. Ni ya polepole, lakini imeniokoa mara nyingi. Pia kuna kitabu kizima cha stty ambacho wengi hawakijui: `info coreutils 'stty invocation'`. Humo swichi zimepangwa kwa makundi, za kuingiza, za kutoa, za udhibiti na za ndani, na makundi hayo ndiyo mpangilio wa mistari unayoiona katika `stty -a`.

Jambo moja ninalolisisitiza: soma mwongozo uliomo ndani ya mashine yenye tatizo, si ule uliopatikana kwa kutafuta mtandaoni. Amri ya stty ya GNU, ambayo ndiyo iliyomo katika Debian, hutaja kifaa kwa `-F`, na ya mifumo ya jamii ya BSD, ikiwemo macOS, hutumia `-f` ndogo, na hata mpangilio wa matokeo unatofautiana sana. Nilimwona kijana mmoja akihangaika asubuhi nzima na maelekezo yaliyo sahihi kabisa kwa mfumo ambao si wake.

Nami nina kisa changu. Nilikuwa nikibandika mstari mrefu sana wa data ndani ya `cat > faili`, na kila mara faili lilitoka likiwa limekatwa mkia. Nililaumu dirisha, nikalaumu ssh, nikabadilisha vyote viwili. Jibu lilikuwa katika termios tangu mwanzo, katika sehemu inayoeleza hali ya kusoma mstari kwa mstari: mstari mmoja hauzidi herufi 4096, pamoja na ile ya kumalizia mstari, na zinazozidi hutupwa. Tangu siku ile, ukurasa huo niliusoma kuanzia juu hadi chini, na ulinichukua jioni mbili.

mtunza_seva aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimefanya yote mliyoniagiza. Ctrl-V ikifuatiwa na Backspace imenipa ^?, na `stty -a` katika seva ile imenionyesha `erase = ^H`, wakati katika mpakato na katika seva nyingine mbili ni `erase = ^?`. Nimesoma sehemu ya VSTOP na VSTART, nimeielewa.

Bado mambo mawili. Kwanza, ikiwa mpakato wangu una ^?, na seva mbili zina ^?, hii moja imeipata wapi ^H? Pili, kwa ajili ya lile tatizo la top nilifungua `man 5 terminfo`, na hapo nimeshindwa kabisa. Kuna jedwali lenye majina matatu kwa kila kitu kimoja, kisha kuna maandishi kama `\E[%i%p1%d;%p2%dH` ambayo sioni pa kuyaanzia. Nikajaribu kwenda kwenye chanzo, kiwango cha ECMA-48 cha mifuatano ya kudhibiti terminali, ambacho kinatajwa kila mahali, nikakutana na vitu kama 04/01 ambavyo nilidhani ni tarehe au sehemu. Kuna namna ya kusoma maandishi haya, au yameandikwa kwa ajili ya watu wengine?

mwalimu_mitandao alijibu:

Yameandikwa kwa ajili ya yeyote mwenye subira, na subira unayo. Niruhusu nianze na la pili.

Katika jedwali la terminfo, safu ya kwanza ni jina refu linalotumika ndani ya programu za C, ya pili ni jina fupi linalotumika katika hifadhidata na katika amri ya tput, ambayo hutoa mfuatano unaoutaja kwa jina, ya tatu ni msimbo wa herufi mbili wa mfumo wa zamani wa termcap, na ya nne ni maelezo. Wewe shika safu ya pili na ya nne tu. Safu ya tatu ipo kwa sababu termcap, iliyotungwa na Bill Joy kule Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kihariri cha vi, ndiyo iliyotangulia, na programu za zamani bado zinauliza kwa majina yake.

Sasa mfuatano uliokutisha. Huo ni wa `cup`, yaani kukipeleka kishale mahali fulani kwenye skrini, na unasomwa kipande kwa kipande kutoka kushoto. `\E` ni baiti ya Escape, namba 27, na mabano ya mraba yanayofuata yanakamilisha ufunguzi. `%i` huongeza moja kwenye namba mbili utakazotoa, kwa sababu programu huhesabu safu kuanzia sifuri lakini terminali huhesabu kuanzia moja. `%p1` ni kuchukua namba ya kwanza na `%d` ni kuiandika kwa tarakimu. Nukta-mkato huandikwa kama ilivyo. Namba ya pili huandikwa vivyo hivyo. Na H hufunga. Huhitaji kuniamini kwa maneno. Andika hivi:

`tput cup 5 10 | cat -v`

Utaona `^[[6;11H`. Tano imekuwa sita, kumi imekuwa kumi na moja, na ^[ ni Escape ikiwa imevaa kofia. Kila mfuatano unaokutatiza katika ukurasa ule unaweza kuupitisha kwenye `cat -v` na kuuona ukiwa umekamilika. Wanafunzi wangu huelewa kwa zoezi hili moja kuliko kwa saa nzima ya maelezo, nami siku hizi naanza nalo.

Kofia nayo ina kanuni yake: ^ ikifuatwa na herufi maana yake ni namba ya herufi hiyo ukitoa 64. H ni 72, kwa hiyo ^H ni 8. Mabano ya mraba yanayofungua ni 91, kwa hiyo ^[ ni 27. Alama ya kuuliza ndiyo ya pekee: ni 63, haitoshi kutolewa 64, hivyo huongezwa 64 na kuwa 127.

Kuhusu ECMA-48, toleo la tano la mwaka 1991 ndilo utakalolikuta, na hutolewa bure na shirika lenyewe. 04/01 si tarehe. Ni anwani katika jedwali la herufi lenye safu wima na safu mlalo kumi na sita: safu wima ya 4, safu mlalo ya 1. Zidisha 4 kwa 16, ongeza 1, unapata 65, ambayo ni herufi A. Kwa njia hiyo 05/11 ni 91, mabano ya mraba, na 01/11 ni 27, Escape. Kiwango kinaposema kwamba amri ya kupandisha kishale inaishia na 04/01, kinasema kwamba inaishia na A, na ndiyo sababu ukibonyeza Ctrl-V kisha mshale wa juu ndani ya `cat` kwa kawaida utaona ^[[A. Hata hivyo sikushauri uanzie huko. ECMA-48 inaeleza mengi ambayo hakuna terminali iliyoyatekeleza, na haielezi mengi ambayo terminali zote zinayafanya. Waraka wa vitendo ni ule unaoambatana na xterm, programu ya terminali, unaotunzwa na Thomas Dickey, ambaye pia ndiye mtunzaji wa ncurses, maktaba inayoitumia terminfo. Ukiwa na kifurushi cha xterm katika Debian, utaukuta umebanwa katika `/usr/share/doc/xterm/`, faili la ctlseqs, na `zless` hulifungua. Ukiona Ps humo ni namba moja, na Pm ni namba kadhaa zilizotengwa kwa nukta-mkato.

Tatizo lako la top sasa litaeleweka. Unapoingia kwa ssh, jina la terminali yako husafiri pamoja nawe. RFC 4254 ya mwaka 2006, mmoja wa nyaraka za viwango vya intaneti, inayoeleza sehemu hiyo ya ssh, inataja wazi kwamba ombi la terminali hubeba thamani ya TERM. Lakini ni jina tu linalosafiri, si maelezo yake. Seva inalitafuta jina hilo katika hifadhidata yake, hailikuti, top inakataa. Suluhisho ni kupeleka maelezo yenyewe, ukiwa kwenye mpakato:

`infocmp -x | ssh jina@seva 'tic -x -'`

Amri ya infocmp huyaandika maelezo ya terminali yako kwa maandishi, na tic huko upande wa pili huyakusanya na kuyaweka katika saraka ya `.terminfo` ya nyumbani kwako, ikiwa huna ruhusa ya kuandika mahali pa mfumo mzima. Watu wengi huandika tu `export TERM=xterm-256color` na kuendelea. Inafaa kwa dharura, ila hapo unaiambia seva kwamba una kifaa ambacho huna, na hitilafu ndogo ndogo za vitufe huanzia hapo.

Na swali lako la kwanza ndilo lililonifurahisha zaidi. Soma sehemu ya 8 ya RFC hiyo hiyo. Utakuta jedwali la namba, na namba 3 ni VERASE. Maana yake ssh haibebi jina la terminali peke yake. Inabeba pia mipangilio ya kiendeshi chako. Mpakato wako ulisema ^?, na seva ilipaswa kuipokea ^?. Kama baadaye `stty -a` inaonyesha ^H, basi kuna kitu ndani ya seva kilichoibadilisha baada ya wewe kuingia. Kitafute.

mtunza_seva aliandika:

Mwalimu, nimekipata. Nilitafuta hivi:

`grep -n stty /etc/profile /etc/profile.d/* ~/.profile ~/.bashrc`

Ndani ya faili moja la `/etc/profile.d/` kuna mstari wa `stty erase '^H'`, bila maelezo yoyote. Nadhani aliyeuweka alikuwa akitumia programu ya terminali iliyotuma baiti 8, na kwake ulikuwa sahihi. Nimewauliza wenzangu wawili wanaoingia kwenye seva hiyo; mmoja alisema tatizo hilo amelivumilia kwa miaka miwili akidhani ni kasoro ya programu ya hifadhidata. Nimeuondoa mstari huo na kuacha maandishi yanayoeleza sababu na tarehe. Backspace sasa inafuta hata ndani ya `cat`.

Maelezo ya terminali yangu nimeyapeleka kwa infocmp na tic, na top inafunguka. Kabla ya kuyapeleka niliyasoma kwanza, na kwa mara ya kwanza nilitambua `kbs` kuwa ni kitufe cha Backspace na `cup` kuwa ni kile kishale tulichokijadili. Kwa `stty -ixon` nimeiweka mwishoni mwa `.bashrc` katika seva zote tatu.

BintiMaktaba alijibu:

Hongera sana. Rekebisha tu hilo la mwisho kabla halijakusumbua. Bash inaweza kulisoma faili la `.bashrc` hata pale ssh inapotumwa kutekeleza amri moja au kuhamisha faili, ambapo hakuna terminali upande wa pili, na hapo stty italalamika kwamba haina kifaa cha kupangia. Malalamiko hayo huingia kwenye kumbukumbu za kazi zako za usiku. Iandike hivi:

`[ -t 0 ] && stty -ixon`

Sehemu ya kwanza huuliza kama ingizo linatoka kwenye terminali kweli. Maelezo yake yamo katika `man test`, tafuta `-t`.